Muuza Vitambaa Apatana Bei ya Mguu

Tangu soko huria liingie, dukani kwa muuza vitambaa wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kunapita kila kitu. Mguuni mwake tu ndimo damu isimopita. Maumivu yakimsimamisha njiani, hupapasa khanga za duka la jirani kwa kidole gumba na kuguna, aonekane amesimama kuzidharau.

Jana daktari alimwambia mguu ukatwe chini ya goti.

"Hiyo bei ya kuanzia," akasema mzee. "Ya mwisho je?"

"Mzee, hapa si Kariakoo."

"Najua. Kariakoo wangeshapunguza."

Kumbe ya mwisho ilikuwepo: sindano ya majaribio, yenye vinasaba vya kuotesha mishipa mipya ya damu, ingawa huenda isioteshe.

"Isipoota?"

"Tunakata."

Akapandisha suruali, akanyoosha mguu. "Tuanze na sindano, daktari. Kitambaa kikishakatwa hakirudi kwenye jora."