Msusi wa Ng'ambo ya Barabara

Ukitaka kumuudhi Mama Kidoti, mwambie asubiri. Msusi huyu mikono yake ilikuwa myepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti vya plastiki na pazia mlangoni, wala haikukosa wateja hata siku za mvua. Mtu aliingia na nywele timtim, akatoka amesukwa na habari za mtaa mzima anazo.

Kitu kimoja tu kilimharibia mchana wake, nacho ni basi la shule. Lilisimama upande wa pili wa barabara, mlango wake ukifungukia kule kule, na ndani alikuwamo mhudumu wa watoto, mwanamke mnene mwenye kizibao cha manjano. Watoto walimwita Anti Subiri, maana neno hilo halikumwisha kinywani. Subiri basi lisimame kabisa. Subiri mwenzako ashuke. Subiri aliyekuja kukuchukua afike hapa mlangoni akushike mkono.

Hilo la mwisho ndilo lililomkaa Mama Kidoti kooni. Binti yake wa pekee, Kidoti, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya kidoti cheusi shavuni, ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza. Kila siku ilimbidi mama mtu aache kichwa cha mteja katikati, afute mafuta mikononi, avuke barabara, ampokee mtoto, kisha avuke tena. Mteja naye amenuna kwenye kiti. Mara mbili tatu alijaribu kumwita mtoto kutoka mlangoni kwake, na mara zote Anti Subiri alimshika Kidoti mkono, akatulia kama hajasikia, mpaka mama avuke.

"Utadhani yeye ndiye aliyembeba miezi tisa," Mama Kidoti aliwaambia wateja wake, nao wakacheka, kwa sababu kichwa chako kikiwa mikononi mwa msusi unacheka anapotaka ucheke.

Ijumaa moja alikuwa na mteja mwenye safari jioni ile ile, mtu wa kuangalia saa kila mstari unapoisha. Basi likasimama. Mama Kidoti akatazama kichwa alichokishika, akaona kazi iliyobaki, akasogea mlangoni na kitana mkononi, akapaza sauti.

"Njoo mama, njoo haraka."

Sauti ilipita juu ya basi, ingawa mama hakumwona mtoto anayemwita. Kidoti alikuwa ameshashuka, amesimama pale alipoambiwa asimame. Anti Subiri alikuwa akimteremsha mtoto mwingine aliyelala njia nzima, na kwa mara ya kwanza mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. Kidoti aliposikia anaitwa, akachomoka, akazunguka pua ya basi, mahali ambapo hata dereva hamwoni mtoto wa kimo kile.

Mama yake alikiona kichwa chake kikitokeza. Aliona pia pikipiki ikilipita basi bila kupunguza mwendo. Kisha kichwa kikatoweka, na chupa ya maji ya Kidoti ikapasuka katikati ya barabara. Mwenye pikipiki hakugeuka hata kutazama alichogonga.

Mama Kidoti akaanza kukimbia. Hakuangalia kulia wala kushoto, na sidhani kama alijua bado ana miguu. Lakini chini, mbele ya basi, mwanamke mwenye kizibao cha manjano alikuwa ameketi barabarani kama mzigo uliodondoshwa, mkono mmoja umeng'ang'ania begi la Kidoti na Kidoti mwenyewe ndani ya mikanda yake. Akainua mkono wa pili, kiganja wazi.

"Subiri," akasema.

Na Mama Kidoti akasubiri. Lori lililotoka upande wa pili likapita mbele yake, upepo wake ukampeperushia kanga. Akasimama mpaka barabara ikawa nyeupe, ndipo akavuka.

Kidoti alikuwa mzima. Alikuwa akililia chupa yake. Aliyeumia ni Anti Subiri, aliyemwacha yule mwenye usingizi ngazini akamrukia Kidoti na kumvuta kwa begi; kiwiko kimechubuka na kifundo cha mkono kimeanza kuvimba. Mama Kidoti alipiga magoti hapo hapo kwenye vumbi. Asante ilitoka, ikarudi, ikatoka tena.

"Nisamehe, dada," akasema hatimaye. "Ni mimi niliyemwita."

"Najua. Umemwita kwa mapenzi." Anti Subiri alisema polepole, pumzi bado haijamrudia. "Lakini mtoto akisikia mama yake anaita, haoni barabara. Anakuona wewe tu."

Mteja alisafiri na nusu kichwa, kilemba kimemsitiri. Huyo alisamehe alipopewa habari kamili, tena akaisambaza kote alikokwenda.

Jumapili Mama Kidoti alimfuata Anti Subiri nyumbani kwake. Mwenye mkono uliofungwa bendeji atajichana vipi? Alimkalisha kwenye mkeka, akamsuka mistari midogo midogo, kazi ya kuanzia asubuhi, na habari ya malipo hakutaka hata kuisikia. Anti Subiri alicheka, akamwambia kwamba kinachomtisha katika kazi ile si pikipiki, ni wazazi wenye haraka. Msusi aliinamia kichwa kile, akamshukuru Mungu kwa kila msuko, na machozi yalipodondoka aliyapaka pamoja na mafuta.

Jumatatu basi lilipokaribia, saluni haikuwa na mtu kitini. Mama Kidoti alikuwa ameshavuka, amesimama nyuma kidogo ya mahali mlango unapofungukia. Basi likasimama kabisa. Akamwona binti yake kwenye ngazi, na mdomo ukamwasha, lakini akaufunga. Kidoti akashuka taratibu, akatazama kule saluni, akageuka, akamkuta mama yake yupo hapo hapo.

"Mama, leo huniiti?"

"Leo nimekuja mwenyewe."