Ndoano Iliyomkataa Mkuu wa Kitengo

Siku yangu ya kwanza kazini, upande wa Geita, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta alinionyesha kiti kabla sijamaliza shikamoo yangu. "Marahaba. Kaa hapo, soma kila mstari tulioandika. Usiguse kitu mpaka uelewe."

Tulikuwa wanne, tukiandika programu za mgodi. Msimbo wetu, yaani maagizo tunayoiandikia kompyuta, ulikaa kwenye ghala moja ndani ya kompyuta lililotunza kila badiliko na jina la aliyelifanya. Nilipoona ghala lile likirudisha kazi ya wiki tatu nyuma kama ilivyokuwa, nilishika mdomo.

Ila kila mtu alipanga mistari apendavyo. Mmoja aliisogeza ndani nafasi mbili, mwingine nane, mwingine hakuweka mabano, alama zinazoifunga mistari kwenye sharti lake. Niliona ni suala la mwandiko tu.

Asubuhi moja, nami nikiwa nimeshaanza kuandika, Msimamizi wa Baruti, mzee wa Kisukuma kutoka Kishapu, aliingia na karatasi iliyotoka kwenye programu yetu: orodha ya maeneo ya kuondoa watu kabla ya kulipua mwamba.

"Mama Neema," akaniambia, "bonde la kusini halimo humu. Na kina mama wako kule wanachota maji."

"Kompyuta imesema ni salama, mzee."

"Mimi nimetoka huko sasa hivi. Nimeshazuia mlipuko."

Nilitafuta hadi adhuhuri. Mstari mmoja ulisogezwa ndani, ukaonekana uko chini ya sharti lake, ufuatwe pale tu sharti linapotimia, kumbe mabano ya kuufunga humo hayakuwepo. Kompyuta ikawa inaufuata kila mara na kulifuta bonde kwenye orodha. Aliyeuandika ni mimi. Nikaenda mwenyewe kumwambia Mkuu.

Mkuu hakunifokea. Alibandika ukutani kanuni za kupanga msimbo. Tulizifuata siku chache, tukazisahau, yeye akiwa wa kwanza.

Ndipo nikasoma kwenye kitabu cha maelekezo kwamba ghala linaweza kufungiwa ndoano: programu ndogo inayojiendesha yenyewe kabla kazi haijapokelewa. Niliiandika yangu ikague nafasi na mabano, na ikikuta kosa ikatae na kutaja mstari.

Wa kwanza kukataliwa alikuwa Mkuu, tena akiwa na haraka.

"Imenikataa mimi?"

"Ndiyo, Mkuu. Mstari wa arobaini, mabano."

"Naweza kuizima?"

"Unaweza. Uwezo huo unao wewe peke yako."

Mkuu akavuta kiti, akaandika mabano. "Asiizime mtu yeyote," akasema. "Hata mimi."

Baada ya miezi kadhaa, msimbo wetu ulisomeka kama umeandikwa na mkono mmoja. Nilihamishiwa Shinyanga mjini, nikapitia mabosi wakali na wapole, hadi nikastaafu. Mpaka leo nastaajabu: kurasa mbili za maagizo ya ndoano ile, zisizojua cheo cha mtu, zilitunyoosha sote. Vijana wangu, mashine ikiwakatalia kazi, msikimbilie kuizima. Someni kwanza mstari inaoutaja.