Gari Lisilo na Klachi

Aliyenipita siku ile alikuwa na baiskeli. Niseme ukweli wote: alikuwa na baiskeli, nyuma amempakia mama mnene, na mama huyo amepakata jogoo. Nilikuwa nimesimama darajani, njia ya Busia kwenda Tororo, kupisha lori lililokuwa linakuja. Lori likapita, nikakanyaga mafuta ili nipande kile kilima kinachofuata daraja. Gari likanguruma, likafikiri, likaanza kujivuta. Pale ndipo baiskeli iliponipita. Jogoo alinitazama dirishani mpaka tukaachana. Sijawahi kudharauliwa na kuku namna ile.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Mimi nilikuwa karani kwenye kinu cha kuchambua pamba, na mkubwa wetu, Mwingereza, alipofunga masanduku yake kurudi kwao, aliniachia gari lake. Silinda sita, rangi ya maziwa, tena otomatiki. Upande wetu neno hilo lilitamkwa polepole, kama jina la ugonjwa wa tajiri. Gari halina klachi. Lina pedali mbili tu, na kijiti kwenye usukani cha kuliambia liende mbele au lirudi nyuma. Gia zinajibadilisha zenyewe huko chini bila kukuomba ruhusa. Kwangu mimi, mtu wa kutoka nyumbani kwenda kazini na kutoka kazini kurudi nyumbani, mtu anayeona safari ya Nagongera kuwa ni kuhamia ng'ambo, lilikuwa gari la kufaa kabisa.

Kaka yangu mkubwa hakuliona hivyo. Yeye alikuwa dereva wa lori la masafa, Mombasa mpaka Kampala, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mnene kuliko wa kulia kwa sababu ya kupigana na gia.

"Hii si gari," alisema siku ya kwanza, amesimama nalo mbali kama linanuka. "Hii ni kiti ya mgonjwa. Gari unapigana nayo, bwana! Sasa hii, wewe nakaa tu, nangoja ikupeleke?"

"Ndiyo. Nakaa tu."

"Basi imepata mwenyewe."

Nikalifanya sebule. Sikatai. Dada yetu mdogo alishona vitambaa vya kufunika migongo ya viti, vyeupe, vyenye maua pembeni, kama vile vya makochi. Na kwa kuwa vumbi la maramu, ule udongo mwekundu wa barabara zetu, lilipenya kila tundu la sakafu, nikanunua mkeka mnene wa katani, nikaukata kwa mkono wangu mwenyewe, nikautandika mbele na nyuma. Upande wa dereva, ambako vumbi lilizidi, nikaukunja mara mbili na kuushona kingo. Abiria walivua viatu mlangoni. Kaka alipotaka kuingia na buti zake nilimzuia, akacheka mpaka akakaa chini barabarani.

Sasa huyo dada. Wazazi wetu walikufa akiwa bado anasoma darasa la tatu, na kwa sababu kaka aliishi barabarani na mimi niliishi nyumbani, alikua kwangu. Nilisuka nywele zake, vibaya. Nilipika, nikajifunza kupika vizuri kuliko yeye, na mpaka leo hajanisamehe. Sikuoa. Watu walisema nimeoa nyumba, nami sikuona wa kubishana naye. Alipoposwa na kijana wa Tororo, neno la kwanza aliloniambia halikuwa juu ya mchumba.

"Kaka, wewe ndiye utakayenipeleka kanisani. Kwa gari letu."

"Nani mwingine?" nikasema.

Kwetu kuna jambo moja kuhusu msafara wa harusi: gari la bibi harusi halipitwi. Anayelipita amemruka bibi harusi, na aliyerukwa anaingia kwa mumewe kama kitu kilichochelewa. Wakwe hawasahau. Miaka kumi baadaye, sufuria ikiungua, utasikia: si ndiye yule aliyerukwa njiani? Kwa hiyo gari la bibi harusi lazima liwe na nguvu ya kuondoka. Wahuni wa baiskeli na madereva wa mabasi wanaijua mila hiyo vizuri, na wengine hupita makusudi ili walipwe kwa vicheko.

Na langu lilikuwa limepitwa na jogoo.

Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, hivyo nilifanya anachofanya msomi: nikafungua kitabu. Kitabu cha gari kilisema, kwa Kiingereza safi, kwamba ukitaka kasi ya ghafla kanyaga pedali ya mafuta mpaka mwisho, kisha uipitishe mwisho huo. Utasikia kama kifungo kinabonyea, na gari litashuka gia lenyewe na kuvuta kwa nguvu. Nikasoma mara tatu. Nikaenda barabarani, nikakanyaga mpaka mwisho. Nikakanyaga mpaka kisigino kikauma. Hakuna kifungo, hakuna kushuka, hakuna nguvu. Nikakiona kitabu ni cha uongo, na mkubwa wangu wa zamani kaniachia mzoga.

Nikampelekea fundi mmoja wa Kihindi pale Tororo. Ili asichafue mkeka kwa mafuta, nilimtandikia gazeti juu yake. Alifungua boneti, akasikiliza, akaketi, akakanyaga, akatikisa kichwa.

"Injini zuri sana," alisema. "Gonjwa iko ndani ya gia. Hiyo mimi hapana fungua."

Kaka naye, aliporudi safari, akafungua kabureta bila kuniuliza, akakaza hiki na kulegeza kile. Gari likaanza kukohoa moshi mweusi. Ilinichukua jioni mbili kulirudisha lilivyokuwa.

Jumapili, siku sita kabla ya harusi, kaka akaamua tulijaribu. Akamwita mwalimu mmoja, rafiki wa bwana harusi, mwenye kigari kidogo cha gia za mkono. Tukasimama darajani sambamba. Kwangu nyuma walipanda dada na shangazi zetu wawili, ili uzito uwe wa harusi kweli; kaka akapunga kitambaa. Mwalimu akaondoka kama aliyeitwa mezani. Mimi nikakandamiza pedali mpaka mguu ukatetemeka, na gari langu, silinda sita, likaomba dua kwanza. Tulipofika juu, mwalimu alikuwa ameshazima injini na anafuta miwani.

Kaka alifika kwa miguu, anahema na kufurahi.

"Umeona? Jumamosi tutapitwa na kila kitu yenye gurudumu. Unataka mtoto huyu arukwe?"

"Nitatafuta dawa."

"Nimekwisha mwambia mwalimu. Bibi harusi anapanda kwake, na mimi nakaa naye mbele."

"Umemwambia lini?"

"Tangu asubuhi. Na wakwe nimewatumia habari."

"Mimi ndiye niliyemlea, kaka."

"Umemlea, nani anakataa? Lakini hii ni mambo ya barabara." Akanipiga begani. "Ya jikoni tutakuita."

Shangazi walicheka. Dada hakucheka. Niliendesha mpaka nyumbani nikiwa nimenyooka kama mfiwa, nikapika, nikaosha vyombo, nikapasua sahani mbili.

Asubuhi ya Jumatatu hasira ilikuwa bado haijaisha. Nilitoka kwenda kulifuta vumbi gari, nikaviona vile vitambaa vya maua, nikaona aibu yangu yote imeshonwa kingo. Nikaving'oa. Nikang'oa mkeka, wa nyuma na wa mbele, ule uliokunjwa mara mbili uling'ang'ania na mimi nikauvuta kwa mikono yote miwili, nikautupa kwenye nyasi kama mtu anayetupa nyoka. Nikaingia na viatu. Ndiyo, na viatu. Nikaenda moja kwa moja mpaka darajani, nikasimama, nikaitukana injini matusi niliyoyasikia kwa kaka, nikapiga pedali teke.

Mguu wangu ulikwenda mbali kuliko ulivyowahi kwenda. Ulifika pale mwisho, ukapita, na chini ya kiatu kitu kikabonyea. *Tk.* Gari likashuka gia lenyewe na kunguruma kama limeshikwa mkia, shingo yangu ikagonga kiti, na kilima chote kikaisha kabla sijamaliza tusi.

Nilisimamisha gari juu pale. Nikainama kutazama chini ya pedali. Bati tupu. Hapo ndipo palipokuwa na mkeka wa katani wa unene wa vidole viwili, na juu yake, siku ya fundi, gazeti. Pedali ilikuwa haijawahi kufika chini tangu nilinunue lile godoro langu la katani. Kitabu kilisema kweli. Mkubwa wangu hakuniachia mzoga. Fundi alikuwa hana kosa, kaka alikuwa hana kosa, na mimi niliyetafuta mchawi kila mahali, mchawi nilimkata kwa makasi na kumshona kingo.

Ungedhani nilifurahi. Nilipiga usukani ngumi mpaka honi ikaanza kulia yenyewe.

Kaka alikuwa ameshaondoka na lori, hatarudi mpaka Ijumaa. Basi jioni ile nikampakia dada peke yake, nikampeleka darajani, nikamwonyesha. Alipiga kelele, akashika dashibodi kwa mikono miwili, akacheka mpaka machozi. Kisha tukarudi polepole.

"Sema neno moja," nikamwambia. "Jumamosi nakupeleka mimi."

"Kaka mkubwa amekwisha toa neno kwa wakwe."

"Neno linarudishwa."

"Linarudishwa na nani? Nikishuka kwenye gari la mwalimu niingie lako, watasema kwetu kuna ugomvi. Wewe utarudi nyumbani ukalale, kaka. Mimi ndiye nitakayeishi na hilo neno." Akatazama bati tupu chini ya miguu yangu. "Ungeutoa ule mkeka wiki moja kabla."

Ijumaa kaka alipofika nikamwambia aje nimwonyeshe kitu. Akasema amechoka na motokaa, ataona Jumapili.

Jumamosi nilipewa shangazi watatu na masufuria ya karamu. Mbele yangu kigari cha mwalimu, kimejaa: dada, msimamizi wake, watoto wawili wa maua, na kaka mkubwa mbele ametoa kiwiko nje kama amekinunua. Vumbi lao lote lilikuwa langu. Tulipovuka daraja na kuanza kupanda, kigari kikaishiwa pumzi. Kikapungua, kikapungua, mpaka nikawa karibu kukigusa kwa nyuma.

"Mwanangu," akasema shangazi wa katikati, amejifunika pua kwa kanga, "si upite tu? Tunakufa na vumbi huku."

Shangazi mkubwa akamzaba kofi la paja. "Ampite bibi harusi wake mwenyewe? Umelogwa?"

Lakini mguu wangu ulikwisha sikia. Ulikuwa juu ya pedali, nami nilijua umbali uliobaki mpaka kile kifungo, nilikijua kama ninavyojua ngazi za mlango wangu. Upande wa kulia barabara ilikuwa tupu mpaka juu. Kaka angeniona nikipita na masufuria na shangazi watatu, angeiona kiti ya mgonjwa ikimwachia moshi. Sekunde nne. Na hasira yangu ilikuwa na haki yote.

Kwenye kioo cha nyuma cha kigari kile shela jeupe likageuka. Dada alikuwa ananitazama. Katika watu wote wa msafara, yeye peke yake alijua gari langu linaweza nini, na uso wake haukuwa unacheka.

Nikakanyaga breki. Nikaikanyaga kwa nguvu iliyokuwa imekusudiwa pedali ya pili, na sufuria la pilau likamgonga shangazi wa katikati kisogoni. Alinitukana mpaka kanisani. Kigari kikapanda kilima kikikohoa, bila kupitwa na mtu.

Alasiri, mambo yote yalipokwisha na dada amekwisha ingizwa kwa watu wake, mwalimu alibaki kwa bwana harusi, na shangazi nao. Kaka hakuwa na gari la kurudi Busia ila langu. Akapanda na buti zake, akakanyaga bati, hata hakuuliza mkeka uko wapi. Alikuwa amekunywa vizuri. Kabla hatujaliacha nyuma yetu lile jabali kubwa lililosimama juu ya mji wa Tororo, alikuwa anakoroma.

Nilingoja. Nilipita kilima tukishuka, nikavuka daraja, nikageuza gari, nikavuka tena, nikasimama chini pale, uso kwa Tororo. Nikamtazama amelala mdomo wazi. Kisha nikapeleka mguu mpaka mwisho na kuupitisha mwisho. Gari likashuka gia, likapiga kelele, likaruka kilima chote kama jiwe la kombeo.

Kaka alifumbua jicho moja.

"Polepole, bwana," alisema. "Wewe nakimbilia nini? Nyumbani hakuna mtu."

Akalala tena. Nikageuza gari juu pale na kuanza kurudi Busia, na nilimkasirikia njia nzima, kwa sababu hilo alilosema lilikuwa kweli.