Mwiko wa Karanga

Ukitaka kujua mji wa Kasongo una karanga kiasi gani, zaa mtoto asiyeweza kuzila. Nimekulia hapa, wazazi wangu walizilima, na miaka yote hiyo sikuwa naziona, kama mtu asivyoliona vumbi la barabara ya kwao. Siku hizi naziona kila mahali. Zimo kwenye sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, zimo kwenye mchuzi wa samaki mkavu, zimechemshwa na kubebwa kwa beseni kichwani, zimekaangwa na kufungwa ndani ya karatasi. Zimo hata kwenye vidole vya shangazi mwenye upendo anayetaka kumshika mtoto shavu. Huyo shangazi ndiye ninayemwogopa kuliko wote.

Tulijua kwenye kilio cha jirani. Mwanangu alikuwa ameanza kutembea vizuri, anakwenda kwa kila mtu, na mama mmoja akamlisha kijiko cha sombe. Kabla sijamaliza kuwapa pole wafiwa, midomo ya mtoto ilikuwa imevimba, macho yamefumba, kifua kinapiga filimbi. Nilipanda pikipiki nimembana kifuani, nikimwambia dereva akimbize, kisha nikimwambia asituue. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimchoma sindano, tukakaa tunamtazama. Sauti ilipomrudia akaanza kulia, na mimi nikalia. Muuguzi akaniambia neno ambalo bado nalisikia nikiwa sokoni.

"Mama, karanga tena hapana, hata kidogo. Siku ingine tunaweza kumukosa."

Basi, kununua chakula kukawa kazi ya hofu. Kwetu mchuzi usio na kitu cha kuukaza hauhesabiwi mchuzi, na badala ya karanga ni mbika, mbegu za maboga zilizosagwa. Mbika nzuri haipatikani kila siku, na ikipatikana ina bei. Kwa hiyo wauzaji wengine huiongezea unga wa karanga ili ijaze kopo. Hata yule mwaminifu anaisagia kwenye mashine ileile ya mkono aliyosagia karanga asubuhi, na ukimuuliza kama ameiosha anakutazama kana kwamba umemuuliza kama mumewe anaoga. Nilijifunza kununua mbegu zenye maganda, kuzimenya mwenyewe na kuzitwanga kwenye kinu ambacho hakuna jirani anayeruhusiwa kukiazima. Waliniita bahili wa kinu. Niliwaacha waseme.

Madukani ilikuwa vilevile. Mafuta yanayotoka mbali humiminwa kwenye chupa, na chupa haisemi ilibeba nini jana. Biskuti zina maandishi madogo, mengine kwa lugha nisizozijua, nami nasimama mlangoni nikiyageuza kwenye mwanga, watu nyuma yangu wanaguna. Mwenye duka mmoja, mtu wa Kivu aliyekuja kufuata biashara ya dhahabu, nilipomweleza kwamba karanga ni ugonjwa kwa mtoto wangu, alicheka hadi akaweka mzani chini. Alisema malaria anaijua, kipindupindu anakijua, lakini ugonjwa wa karanga huo ni wa Wazungu. Nilimtukana kwa Kizimba, lugha asiyoijua, nikaondoka bila kununua. Hasira ilinisaidia mpaka kona ya barabara, kisha hofu ikarudi.

Nilichokigundua baadaye nilikigundua kwa bahati. Mzee mmoja wa kike alikuwa mbele yangu sokoni, ananunua samaki, na akaona kisu cha muuzaji kimetoka kukata nyama ya nungu. Alisema neno moja tu, kwamba nungu ni mwiko wa ukoo wao. Muuzaji hakucheka wala hakuuliza swali. Alikwenda kuosha kisu kwa sabuni, akaosha ubao, akaosha na mikono, akaomba radhi. Nilisimama pale na uchungu moyoni, kwa sababu hicho ndicho nilichokuwa nakiomba kwa miezi mingi na kunyimwa.

Siku iliyofuata nilirudi kwa yule mtu wa Kivu nikamwambia karanga ni mwiko wa mtoto wangu. Hakucheka. Alichukua kopo jipya, akalipangusa, akanipimia mchele kutoka gunia ambalo halijafunguliwa. Aliuliza tu ni mwiko wa kwa baba au wa kwa mama. Nikasema wa kwa mama. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuyaficha maradhi ya mwanangu, niliyavika nguo nyingine ili watu wayaheshimu. Na waliyaheshimu. Soko zima lilikuwa likimwona mtoto linaficha karanga. Kwa mara ya kwanza tangu kile kilio, nilikula nikasikia ladha ya chakula.

Lakini neno halikai Kasongo. Watu wa pikipiki wanakwenda Kabambare kila siku na mizigo na habari, na Kabambare ndiko kwao mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa machimboni. Mama mkwe alinipigia simu. Alikuwa ameshangaa, kwa sababu kwao karanga si mwiko, nao ni watu wa kilimo, wana shamba zima la karanga. Aliuliza kama kweli ni mwiko wa upande wangu. Hapo ndipo ningesema ukweli. Lakini niliogopa kwamba kwenye ukoo wao watasema mtoto amerogwa, au maziwa yangu ndiyo mabaya, na wao pia wataanza kucheka na kumwonjesha. Nikasema ndiyo, Mama, ni wa kwetu. Akasema amesikia, akaniomba nimlete mjukuu wakati wa kiangazi.

Nilikwenda nimebeba jiko langu lote, mtu angedhani nahama. Mchele, mawese yaliyokamuliwa na dada yangu, mbegu za maboga, sufuria, hata kijiko. Barabara ya Kabambare haina huruma na mgongo, na kila pikipiki ilipoingia kwenye dimbwi nilikuwa nafikiria jambo moja: huku ndani, ile sindano ipo? Nilipofika nilikwenda kuuliza kwenye kituo cha afya kabla hata sijaoga. Waliniambia imekwisha, wanaingoja kutoka mjini.

Mama mkwe alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Alikuwa ameondoa karanga zote nyumbani, amezipeleka kwa jirani, amefagia ua. Alimbeba mtoto mgongoni akamwonyesha kwa kila mlango. Nilimpenda siku zile, na bado nilimfuata nyuma nikiangalia watu wanamtia nini mtoto mkononi. Wifi yangu alitania kwamba mimi ni kuku wa kienyeji, mtu akikaribia kifaranga namrukia.

Mbegu zangu zilikwisha mapema, kwa sababu wageni walikuwa wengi. Nikamwacha mtoto amelala kwa bibi yake, nikaenda kutafuta mbika kwenye vijiduka vya pale karibu na ofisi za serikali. Ni vichache, na kila kimoja kinauza vitu vilevile: chumvi, sabuni, sukari, dagaa, betri. Duka la kwanza hawana. Kwenye la pili mama muuzaji alinitolea unga wa mbika kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa. Niliunusa, nikauonja, nikautema. Nikauliza kama ana mbegu zenyewe, kwa sababu karanga ni mwiko wa mtoto wangu. Alinitazama kwa uso wa furaha.

"Ni wewe mama ya ule mutoto wa Kasongo? Bibi yake amepita hapa asubuhi, amenunua karanga kidogo. Amesema leo wanamutosha ule mwiko."

Nilimuuliza wanamtosha, yaani wanamwondolea, namna gani, ingawa miguu ilikuwa imeshajua. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Mwiko uliotoka kwa mama, bibi wa upande wa baba anaweza kuuondoa: anakula kwanza yeye, kisha anamlambisha mtoto kidogo kwenye ulimi, anataja ukoo wake, basi. Kuanzia hapo mtoto anakula chakula cha shamba la babu yake kama wengine.

Sikumuaga. Nilikimbia, kandambili moja ikakatika, nikaiacha. Nilikuwa nasema kwa sauti neno la muuguzi, tunaweza kumukosa, tunaweza kumukosa, na watu walisimama wakidhani nimepata taarifa ya msiba. Jua lilikuwa kali na mimi nilisikia baridi.

Walikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mkeka. Mtoto ameoshwa, amepakwa pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso, amekaa kati ya miguu ya wifi yangu, anacheka. Mama mkwe alikuwa na kibakuli mkononi. Alikuwa ameshakula yeye. Kidole chake kilikuwa kimetoka kwenye kibakuli na mtoto alikuwa amefungua mdomo, kwa sababu mtoto wangu humfungulia mdomo kila mtu.

"Mama, usimupe," nilisema. "Haiko mwiko. Nilidanganya watu. Ni ugonjwa, karanga inamuua."

Mkamwana hasimamishi mkono wa mama mkwe mbele ya ukoo. Nilijua hilo, na wote walijua kwamba najua. Wifi yangu aliuliza kama nataka kusema mikono yao ina sumu. Nikamjibu vibaya, sitaandika nilivyomjibu, nikamnyanyua mtoto na kumfuta pemba kwa kitambaa changu, nikimchungulia mdomoni, chini ya ulimi, kwenye fizi. Nikawaeleza yote: kilio, uvimbe, kifua, sindano, na kwamba hapa Kabambare sindano hiyo imekwisha. Nikawaambia mwiko niliusema sokoni ili waoshe kopo.

Mama mkwe alikuwa bado ameinua kidole hewani. Alikitazama muda mrefu.

"Na mimi ningemuua," alisema, "na huu mukono."

Alimpa wifi yangu kibakuli akamwambia akakizike mbali. Kisha akaenda kwenye beseni. Alinawa kwa sabuni, akasugua kwa majivu, akanawa tena. Alisukutua mdomo, akatema, akasukutua. Aliingia ndani akabadilisha kitenge. Mimi nilikuwa nimesimama na mtoto ubavuni, na sikumwambia imetosha, kwa sababu sikujua kama imetosha.

Aliporudi hakusogea karibu. Alisimama pembeni ya mkeka, maji yanadondoka kwenye vidole, na aliniuliza mimi, mke wa mwanawe, kama mtoto anayeomba ruhusa.

"Sasa naweza kumushika?"

Mtoto alikuwa ameshamnyoshea mikono. Nilitaka kusema ndiyo haraka, lakini kwanza nilimwangalia kucha. Kisha nikasema ndiyo, Mama. Akaketi, akampakata, akageuza uso wake upande wa ukuta ili asimpumulie. Nikakaa mbele yao, nikitazama midomo ya mtoto.