Wimbo wa Simu Nilioucheka

Siku niliyorekodi video ya kuaga, nilirudia mara nne. Mara ya kwanza niliangalia pembeni ya kamera. Mara ya pili jenereta ya jirani iliwaka. Mara ya tatu nilisema "asanteni kwa miaka sita" kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba, na mpiga kamera, ambaye tulianza kazi siku moja, akaniambia, "Dada, changamka kidogo, bambi, tafadhali. Watadhani unaumwa." Ya nne ndiyo iliyotoka. Nilitabasamu, nikasema napumzika kidogo, nakwenda kujaribu mambo mapya, yale yale ambayo kila anayeacha kazi ya mtandaoni huyasema. Kufikia jioni komenti zilikuwa zimejaa. Wengi waliuliza kama orodha yangu ya filamu mbovu za mwaka bado itatoka. Mmoja aliuliza kama ninaolewa. Hakuna aliyeuliza kwa nini naondoka, na nilishukuru, maana sikuwa na nguvu ya kueleza.

Nilizaliwa Mbuya, penye kambi ya jeshi, mtoto wa askari aliyetoka kaskazini mwa nchi. Kiswahili cha nyumbani kwetu kilikuwa cha kambini, kifupi, kimejaa amri: kuja, keti, kula, nyamaza. Shuleni wenzangu walizungumza Kiluganda, na waliponisikia nikiongea na baba getini walitoa macho, kwani kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. Nilikificha kwa miaka mingi. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja kitanipa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa mtaa wa Kyebando, ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kulikuwa na chaneli ya mtandaoni iliyotaka kipindi cha Kiswahili kuhusu muziki na filamu, ili iwapate Wakenya na Wakongo pamoja na sisi wa hapa. Niliitwa mtayarishaji. Maana yake niliandika, nilikaa mbele ya kamera, nilihariri, nilichagua picha ya jalada na kujibu komenti. Bosi wetu alikuwa mwanamume mpole, mwenye adabu, asiyepandisha sauti hata siku moja. Nasema hivyo kwa sababu nikieleza yaliyotokea watu hutaka awe mtu mbaya, na hakuwa.

Miezi ya mwanzo nilikuwa na maoni ambayo mpaka leo nayasimamia. Nilisema kwamba waigizaji wetu bora ni wale jamaa wa vibanda vya video wanaotafsiri filamu za kigeni kwa Kiluganda, wakizungumza juu ya sauti za wahusika, mmoja akiwa jambazi, polisi na bibi harusi ndani ya dakika moja. Niliwaomba wanamuziki wetu waache kukodi lile gari jeupe ambalo mji mzima unalijua, kwa kuwa lilikuwa limeonekana kwenye video za nyimbo nyingi kuliko msanii yeyote. Nilitetea tamthilia ndefu za Kinaijeria ambazo mama yangu anazitazama akiwa anachambua maharage. Watazamaji walikuwa wachache, wapole. Waliandika "kweli kabisa" wakaenda zao.

Kisha wiki moja nilikuja kazini sijalala vizuri, nikaichana filamu moja vipande vipande kwa dakika tatu. Sikuandika chochote, niliropoka tu. Video ile ilitazamwa mara nyingi zaidi kwa siku moja kuliko kazi yangu yote ya mwezi. Bosi akaniita, akanionyesha mchoro kwenye kompyuta yake, mstari umepanda kama ukuta.

"Unaona?" akasema kwa upole. "Watu wanakupenda ukiwa na hasira."

Basi hasira ikawa kazi yangu. Sijui kama aliyewahi kukasirika kwa bahati mbaya tu anaweza kuelewa jinsi inavyochosha kukasirika kila Alhamisi saa nne asubuhi, nywele zimechanwa, maiki imebanwa kwenye kola. Kuna Alhamisi nilizofika sina ninachokichukia. Nilikuwa nachemsha chai, nakaa dirishani, napitia nyimbo mpya moja baada ya nyingine nikitafuta ya kunikera.

Ndivyo nilivyoupata ule wimbo. Mwimbaji alikuwa mama wa makamo, Mkongo, na video yake ilipigwa kwa simu mbele ya ukuta wa bluu. Studio iliyomrekodi ilikuwa imeipitisha sauti yake kwenye mashine mpaka ikawa kama ya roboti mwenye mafua. Kiitikio kilikuwa na maneno matatu: "Ni miye, pokea." Alikirudia, akakirudia. Nilidhani ni wimbo wa mwanamke aliyeachwa anayempigia mwanamume asiyemtaka.

Nikaketi mbele ya kamera, nikaweka simu sikioni, nikauiga. "Dada," nikasema, "mwenzako amekuona unapiga. Amekaa na mwanamke mwingine hapo, wanakuangalia unavyolia. Zima simu, ukalale." Mpiga kamera alicheka mpaka picha ikatikisika, na tukaiacha hivyo hivyo.

Kipande kile kilikimbia. Watu wakaanza kujirekodi wameweka sikioni viatu, mihogo, pasi, wakilia "ni miye, pokea" kwa sauti ya roboti. Makondakta wa teksi, zile basi ndogo za abiria, walilisema neno hilo kwa abiria wanaochelewa kulipa. Nilikuwa nalisikia njiani nikielekea kazini, na siku za kwanza, sitadanganya, nilitembea nimeinua kichwa.

Baada ya wiki mbili bosi akasema, "Mtafuteni huyo mama. Aje ajibu. Itakuwa nzuri pia kwake, atajulikana."

Hakuwa mgumu kupatikana. Alikuwa na kimeza cha vitenge Namuwongo, karibu na reli, na cherehani moja ya miguu ya kurekebishia nguo. Tulikwenda mchana, mimi na mpiga kamera. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Nilitegemea matusi. Akavuta benchi, akapangusa vumbi kwa kipande cha kitambaa.

"Karibu, mama. Mukae," akasema. Nilikuwa mdogo kwake kwa miaka isiyopungua kumi na tano, lakini aliniita mama, kwa heshima ya kwao.

Akaagiza sahani ya viazi na maharage kutoka kwa jirani yake, tukala kwa aibu. Mpiga kamera alikuwa ameiweka kamera miguuni, haijafunguliwa. Nikaanza maneno yangu niliyoyapanga njiani, kwamba kipindi chetu kinampa nafasi, kwamba watu wangependa kumfahamu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akishona pindo la sketi ya shule.

"Ule wimbo si ya bwana," akasema. "Bwana yangu alikufa zamani, na hakukuwa na simu. Ule ni ya dada yangu mukubwa. Alibaki kwetu. Tulikimbia, yeye akasema magoti yake haiwezi, atakuja nyuma. Nikifika hapa nikaanza kumupigia. Napiga, inalia. Napiga, inalia. Mwaka muzima inalia, hapokei. Kisha siku moja haikulia tena."

Cherehani ilisimama. Akakata uzi kwa meno.

"Kanisani walisema, mama, hii uchungu uiimbe. Nikalipa studio. Wale vijana wakaweka ile sauti yao. Mimi pia sikuipenda ile sauti," akasema, na hapo ndipo alipocheka kidogo. "Pale ulisema kweli."

Mpiga kamera aliinuka, akasema anakwenda kununua maji. Nilibaki peke yangu na yule mama. Nikamwambia samahani. Nikamwambia tunaweza kumrekodi hapo hapo, bila mashine, aimbe kwa sauti yake mwenyewe, aeleze maana, watu wote wasikie.

"Hapana," akasema haraka. "Mama, naomba kitu moja tu. Usinirudishe kule. Watoto wangu wanaitwa Pokea shuleni. Sasa imeanza kupoa. Wacha ipoe."

Nikamwahidi. Nilimwahidi nikimtazama usoni.

Ahadi ile niliitunza siku sita. Sikuweza kulala, kula ilikuwa kazi, na Alhamisi ilipofika nilijiambia kwamba kuomba radhi si kumrudisha. Sitamtaja, nikajiambia. Sitaonyesha picha yake. Nitasema tu kwamba niliucheka wimbo bila kuuliza unahusu nini. Nikakaa mbele ya kamera nikazungumza dakika tisa huku nikilia, bila kuandika chochote, na nilipomaliza nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo. Nilikuwa nimechoka sana. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile sikuhariri mwenyewe. Nikamwachia bosi, nikaenda nyumbani Mbuya kulala.

Nilipoamka video ilikuwa imetoka. Dakika tisa zangu zilikuwa zimebaki mbili. Mwanzoni kabisa waliweka kile kipande cha zamani, mimi na simu sikioni, halafu uso wa yule mama mbele ya ukuta wake wa bluu, halafu machozi yangu. Jalada lilikuwa na herufi kubwa nyekundu: NILIMKOSEA MAMA POKEA? Na wale waliokuwa wamesahau wakakumbuka. Viatu vikarudi masikioni.

Alinipigia simu asubuhi hiyo. Namba yangu nilikuwa nimemwachia mwenyewe.

"Mama," akasema. "Mimi nilikuomba kitu moja."

Nilianza kueleza kwamba sikuhariri, kwamba si mimi niliyeweka picha. Akaniacha nieleze. Nilipofika mwisho nilisikia mtu anauliza bei ya kitenge kwa mbali. Kisha akakata, bila hasira, kama unavyokata simu kwa sababu mteja amefika.

Nilikwenda Kyebando, nikamkuta bosi anakunywa chai. Nikamwambia aitoe video. Aliitoa papo hapo, bila ubishi, akiwa ananitazama kwa huruma halisi.

"Nilidhani ndivyo ulivyotaka," akasema. "Umesema samahani, watu wamesikia. Dakika tisa nani angetazama? Nimekata kidogo tu."

"Ulimweka yeye."

"Bila yeye ungekuwa unamwomba nani radhi? Wasingeelewa."

Alikuwa sahihi. Kwa kazi yetu ilivyo, alikuwa sahihi kabisa. Na tayari wengine walikuwa wameipakua na kuiweka kwenye kurasa zao, kwa hiyo kuitoa hakukusaidia kitu. Nikamwambia sitarudi Alhamisi. Akafikiri nina homa, akaniambia nichukue wiki nzima. Ilinibidi nirudie mara mbili kabla hajaelewa kwamba naacha. Akaomba video ya kuaga tu, kwa heshima ya watazamaji. Nikakubali. Mpaka leo sijui kwa nini nilikubali. Nadhani nilikuwa nimeshazoea kukubali.

Nilimweleza mama yangu yote jikoni. Yeye alikuwa polisi mpaka alipostaafu, na husikiliza kama anayechukua maelezo ya mshtakiwa, hakatizi.

"Ile siku ya machozi," akaniuliza mwishoni, kwa Kiswahili chake cha kituoni, "ulikuwa unasaidia yule mama, ama unasaidia roho yako?"

"Roho yangu," nikasema.

"Haya. Hiyo ujue." Akaniongezea chai, hakuizungumzia tena siku ile.

Lakini mwezi uliofuata alirudi nyumbani na kitenge cha kijani chenye majani ya dhahabu. Alikuwa amekwenda Namuwongo, peke yake. Hakujitambulisha. Nilimuuliza amemwonaje.

"Mzima," akasema. "Anapima kitambaa vizuri, haibi hata inchi. Watoto amewahamisha shule. Jumapili anaongoza kwaya, jirani yake ndiyo aliniambia." Akakunja kitenge, akafikiri. "Usiende kule."

Sijakwenda. Mara nyingi nimevuka reli ile na miguu imetaka kukata kona. Nafahamu maneno ambayo ningeyasema, na najua yangemfaa nani.

Nilikaa bila kazi miezi kadhaa. Watu niliokutana nao waliuliza nina maoni gani kuhusu msanii huyu, ugomvi ule, tuzo zile, na walipoona sina walidhani naringa. Ukweli ni kwamba kila nilipofungua mdomo kusema wimbo fulani ni mbaya, nilijiuliza ni nani aliyeuimba na alikuwa anampigia nani. Huwezi kufanya kazi ile ukiwa na swali hilo.

Sasa natengeneza video za mafunzo kwa wanafunzi wa uuguzi. Namna ya kunawa mikono, namna ya kufunga kidonda, namna ya kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Sauti yangu haimo, uso wangu haumo. Watazamaji ni wale wanaolazimika kutazama, na hawaandiki komenti. Juzi tulirekodi somo la kumlisha mzee aliyepooza. Mwalimu, mwanamke mnene mwenye miwani, alimlisha uji yule mzee wa kuigiza, polepole, akisubiri ameze kila kijiko. Ilichukua dakika kumi na nne. Tulipomaliza akanijia, akainama kwenye kamera yangu.

"Ni ndefu sana?" akauliza. "Utakata?"

Nikamwambia hapana. Akashangaa, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mzee akimeza ndani ya dakika kumi na nne, basi video ni dakika kumi na nne. Akaenda kuosha bakuli. Mimi nikabadilisha betri, kwa sababu mchana tulikuwa na somo lingine, la kupima presha, na mgongo ulikuwa umeanza kuniuma.