Jina Alilonyamazia

Nilipokuwa mtoto mwenye mapengo, hapa Troyeville, kusini mwa Afrika, mdogo wangu alilia mpaka jirani akatugongea ukuta. Bibi, aliyekuja kutoka Muheza kumtunza Mama, bintiye, baada ya kujifungua, hakushtuka.

"Huyu analilia jina," alisema. Kwao, mtoto mchanga asiyekoma kulia anadaiwa na mfu wa ukoo anayetaka jina lake lirudi. Unawataja wafu mmoja mmoja. Atakaponyamaza, ndilo hilo.

"Ana homa, Mama. Nampeleka kliniki." Mama alikuwa keshambeba mgongoni kwa blanketi.

"Kliniki wanatoa majina? Hebu kaa."

Akaanza kutaja: Semboja, Mwanaidi, Mbaruku. Mtoto analia tu. Akabaki mmoja, Bibi akamtaja kwa kunong'ona: Hainriki.

Huyo alikuwa babu yake Bibi, Mdachi. Alishuka Tanga na sanduku la randa na misumeno, seremala asiye na mbele wala nyuma kwao. Mkonge ukamfanya bwana. Mchana aliwalaza vibarua chini, hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Jioni akipiga kinanda. Akamchukua binti wa kibarua, nani angemkatalia? Waingereza walipokuja wakamwondoa, na binti akafa akimzaa mama yake Bibi. Bibi aliyasimulia haya kwa fahari, nami fahari ile inaniudhi hadi leo.

Mtoto akanyamaza.

"Umeona?" Bibi akapiga kigelegele. "Mdachi huyo! Mkaidi hata kaburini!"

Mama akacheka kwa uchovu, akafungua blanketi. Nikatumwa spaza, kiduka cha mtaani, kununua sukari, tunywe chai ya shukrani. Niliporudi, Mama alikuwa anampulizia usoni, anamwita kwa jina lile jipya, na Bibi amekaa sakafuni.

Mtoto hakuwa ameridhika na jina. Nguvu za kulia zilimwishia.

Kibao cha kaburi lake kikaandikwa Hainriki.

Nilipokua nilimuuliza Bibi kwa simu, "Na yule binti, siku ile ulimtaja?"

"Binti gani?"

"Bibi yako. Aliyefia uzazini."

"Walimwita Mke wa Mdachi."

"Hilo si jina, Bibi."

"Eish," akasema, neno alilolichukua huku kwetu. "Ndilo tuliloachiwa."

Chuoni, kwenye midahalo, mpinzani akinyamaza sijihesabii ushindi. Wenzangu hunicheka. Kimya si jibu. Nilijifunza hilo na sukari mkononi. Kama wafu hudai majina, sijui. Lakini kama kweli kuna aliyedai siku ile, hakuwa yule Mdachi. Alikuwa yule ambaye hakuna mdomo nyumbani kwetu ungeweza kumtaja, hata mtoto angelia mpaka kesho.