Kirikuu kilivyotuokolea tuba ya marehemu baba kipindi cha korona

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili limenikuta mwenyewe hapa Moshi, sina haja ya kuwapiga fiksi.

Mimi ni mtu wa matarumbeta. Wale mnaowaona nyuma ya kirikuu, kile kipickup kidogo, msafara wa harusi ukipita, mashavu yamevimba kama maandazi. Ndio sisi.

Napiga tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote. Aliniachia marehemu baba.

Korona ilipoingia, harusi zikakauka. Sendoff hakuna, kipaimara watu wanakula kimya kimya kwao. Nikaishia Mabogini kupalilia mpunga wa watu. Niliumia sana, sifichi.

Ikabidi tuba itafutiwe mteja. Jamaa wa Arusha akasema anaifuata Jumamosi. Mama akaifunga kwenye kitenge chake.

Sasa, tulikuwa tumeomba ile ruzuku ya serikali kwa vikundi vya muziki, mimi nilishakata tamaa. Alhamisi simu ikaita: kesho mje Bomang'ombe mpige mbele ya maafisa.

Nikamwomba mama afungue kitenge.

Ukumbini tukapangwa kwenye viti. Wakuu, aibu! Ngoma inakimbia, trumpet inasubiri, tuba iko kivyake. Afisa mmoja, mama mtu mzima, akaangalia saa. Nikajua tuba ndiyo imeenda hivyo.

Kumbe miaka yote hatujawahi kupiga tumekaa! Conductor wetu wa muziki ni dereva, Eliudi. Akipanda mlima wa Kibosho tunapiga polepole, akikata kona tunavuta sauti, akiteremkia Rau tunachanganya mwendo. Bila gari hatujui nani anaongoza.

Eliudi alikuwa amesimama mlangoni. Akaja mbele, kofia mkononi.

"Shikamoo mama. Hawa ukiwaweka kwenye kiti umewazima. Naomba mtoke nje mara moja."

Yule mama akacheka, akainuka.

Tukapanda kirikuu, Eliudi akaanza kuzunguka uwanja. Mzunguko wa pili wauza ndizi wa jirani walishaanza vigelegele, na mama afisa anacheza na faili lake kwapani. Akatuambia palepale tumepita.

Hela ilichelewa kidogo ila ilikuja. Ijumaa ile ile nilishampigia jamaa wa Arusha asijisumbue. Alinuna, shauri yake.

Nyumbani nikamwambia mama tuba haiuzwi tena. Akakaa chini kwenye ngazi, akamshukuru Mungu kwa Kichagga chake, "Aika Ruwa," akalia. Na mimi nikalia. Mzigo ulinitoka mabegani wakuu, niliona hata Mlima umesogea karibu.

Nilichojifunza: ukiambiwa uonyeshe kazi yako, omba kuionyesha unavyoifanya kila siku. Na dereva wenu mheshimuni.

Wasanii wenzangu mliopita kwenye tanuru lile, nyie mliponea wapi? Mwageni hapa tuwasome.

NB: Kile kitenge mama alikivaa kanisani Jumapili.